Gambuti Moja ya Njano

Makongeni, Thika
14 Januari 2025

Kwa Selpha Nanjala, "mchoraji",

Jina la kazi yako nimeliweka ndani ya alama za kunukuu kwa makusudi. Ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini.

Naitwa Mwelu Mutisya. Nilifundisha historia kwa miaka ishirini na miwili, na siku hizi naandika safu gazetini kila Jumatano. Nimeandika juu ya wakili aliyeuza shamba la wajane watatu, na juu ya askofu aliyejenga ukuta katikati ya njia ya umma. Wote wawili walinitisha. Bado naandika.

Jumamosi nilikwenda duka la dawa kununua dawa ya mgongo. Ukutani palikuwa na kalenda mpya. Juu ya mwezi wa Januari amesimama msichana mwenye nywele za kijani zilizochomoza kama majani ya nanasi, gambuti moja ya njano, nyingine ya zambarau, na mjusi begani mwenye mkia unaoteremka hadi nje ya karatasi. Chini yake, kwa herufi ndogo: "Binti Nanasi, mhusika wa kubuniwa. Mchoraji: Selpha Nanjala, Ruiru." Wa kubuniwa. Ilinibidi nishike kaunta.

Msichana huyo namjua tangu 2015. Alichorwa na binti yangu, kwenye barua alizoniandikia kutoka shule ya bweni, barua moja kila muhula. Ninazo kumi na moja. Ya kwanza iko kwenye fremu sebuleni kwangu. Kumi zilizobaki zimo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Hazijawahi kuchapishwa. Hazijawahi kutoka nyumba hii.

Sasa nieleze ulizionaje. Mtu pekee wa nje aliyewahi kuingia chumbani mwangu ni fundi wa dari, Urbanus, na nimeshampigia simu. Ameapa kwa uhai wa mama yake. Bado yumo kwenye orodha yangu. Nimesoma pia kuhusu hizi mashine mpya, ambazo unazilisha kazi ya mtu nazo zinakutapikia picha mia moja kabla chai haijapoa. Kama ndivyo ulivyofanya, sema ni nani aliyekupa chakula cha kuilisha.

Mwenye duka ameniambia kwamba mchapishaji wa Nairobi anatoa kitabu chako Aprili. Nakupa siku kumi na nne. Baada ya hapo nitamwandikia yeye, kisha nitawaandikia wasomaji wangu.

Jibu kwa karatasi. Kwenye WhatsApp mtu husema neno halafu akalifuta.

Mwelu Mutisya


Gatongora, Ruiru
18 Januari 2025

Mpendwa Mwalimu Mwelu,

Habari yako. Barua yako nimeipata pale ofisi ya vifurushi kwenye steji ya matatu. Kijana wa kaunta alinitania kwamba siku hizi hata wapenzi hawaandikiani kwenye karatasi. Niliifungua nikijua kwamba si ya mapenzi.

Sijaiba. Binti Nanasi ni wangu, nimeishi naye miaka kumi. Kuhusu mashine, nimekufungia hapa kurasa kumi na nne. Mimi huchora kwenye tableti, kwa kalamu yake maalum, na picha moja hujengwa kwa leya, yaani kama vioo vilivyolaliana: kwenye kimoja kuna skechi, kwenye kingine mistari, halafu rangi tupu, halafu vivuli, halafu mwanga. Nimeprinti kila leya peke yake. Tazama ya kwanza, uso umepinda kama umeumwa na nyuki. Ya tatu ina mikono miwili ya kushoto. Mashine hukupa picha iliyokwisha kuiva. Haina aibu za njiani kama hizi zangu.

Siwezi kujiita msanii mkubwa. Nakaa chumba cha nyuma cha plot ya mzee Ephantus, yaani nyumba zake za kupanga, asubuhi nachora mabango ya vinyozi na hoteli, mchana nawachora watu wangu. Kitabu hiki ndicho cha kwanza chenye jina langu mbele. Kina wahusika tisa: kuna mzee anayefuga mawingu, kuna mapacha wenye kivuli kimoja, na wote wanamzunguka Binti Nanasi. Nikimtoa yeye hakuna kitabu.

Nakuomba tafadhali usiandike gazetini. Siombi kwa ajili yangu tu. Dianah naye ataumia, na sidhani kama unataka hivyo.

Kwa heshima,
Selpha Nanjala


Makongeni, Thika
21 Januari 2025

Selpha,

Mimi huweka nakala ya kila barua ninayotuma. Ni tabia inayowachosha jamaa zangu, lakini leo imenilipa. Nimeipitia barua yangu ya tarehe 14 mstari kwa mstari, kidole juu ya neno. Nimeandika "binti yangu". Jina lake sikuliandika mahali popote.

Wewe umelijuaje?

Kurasa zako kumi na nne nimeziona. Ni nzuri, na kwangu hazina maana tena. Mtu anaweza kuiba ng'ombe akamkamua vizuri sana. Nina swali kubwa kuliko la picha sasa.

Binti yangu aliondoka nyumbani Mei 2021. Nilikuwa nimemwingiza chuo cha sanaa na usanifu, nikamnunulia tableti ya kuchorea, ile kubwa. Alikaa muhula mmoja tu. Siku moja nilirudi kutoka mkutano wa wazazi wa kanisa nikakuta kikaratasi mezani: "Mama, usinitafute. Niko sawa." Tangu hapo hupata ujumbe mmoja kila Krismasi, kutoka nambari ambayo haipokelewi. Karibu miaka minne, Selpha. Mimi ambaye huwafichua watu nchi nzima nimeshindwa kumpata mtoto mmoja.

Na leo anatokea mtu Ruiru, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu, ana mhusika wa binti yangu, analijua jina la binti yangu, na anajua hata kitakachomuumiza.

Nimekaa nikawaza, nami huwaza mabaya kwanza kwa sababu mara nyingi ndiyo huwa kweli. Ninawaza hivi: uko naye. Anachora yeye, na wewe unatia jina lako. Umemfungia mahali na hiyo tableti, anakufanyia kazi, na ndiyo maana hawezi kunipigia simu.

Sikungoja siku kumi na nne. Mchapishaji wako nimemwandikia asubuhi ya leo.

Binti yangu yuko wapi?

Mwelu Mutisya


Gatongora, Ruiru
30 Januari 2025

Mwalimu,

Umefaulu. Mchapishaji amesimamisha kitabu. Amenipa hadi tarehe 28 Februari nithibitishe kwamba Binti Nanasi ni wangu, la sivyo mkataba unavunjwa. Yule mhariri ambaye Disemba alikuwa ananiita "dada" sasa ananiita "mhusika wa pili katika makubaliano".

Sijamfungia mtu. Dianah ni mzima, anakula, anacheka, ana kazi. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa kwa miaka minne, yeye chini, mimi juu. Zaidi ya hapo siwezi kusema, kwa sababu kuna jambo nililoahidi nikiwa na miaka kumi na minne na sijapewa ruhusa ya kulivunja. Nimeomba ruhusa. Nangoja jibu.

Lakini hakuna aliyenikataza kukueleza kuhusu karatasi zenyewe. Fanya mambo mawili, halafu uamue unavyotaka.

La kwanza. Itoe barua ya sebuleni kwenye fremu. Tazama gambuti ya kulia, ya zambarau, kwenye ncha ya kidole. Kama fremu ni ya kawaida, ukingo wake umeificha sehemu hiyo miaka yote. Chini ya zambarau utaona njano kidogo. Gambuti zote mbili zilitakiwa kuwa za njano. Krayoni ya njano ikaisha, na iliyobaki bwenini ilikuwa moja, ya zambarau. Hakuna aliyebuni zile rangi mbili. Ni krayoni iliyoisha.

La pili. Zitoe zote kumi na moja, uzipange sakafuni kwa tarehe, ukingo kwa ukingo, kutoka kushoto kwenda kulia. Ufuate mkia wa mjusi.

Selpha


Makongeni, Thika
4 Februari 2025

Selpha,

Nimeitoa kwenye fremu. Njano ipo. Si kubwa kuliko punje ya mtama, lakini ipo.

Nimezipanga pia, kutoka mlango wa jikoni hadi chini ya meza ya runinga. Mkia unatoka begani kwa msichana kwenye barua ya kwanza, unaingia ya pili, unazunguka mti kwenye ya tano, unapita chini ya kitanda kwenye ya nane. Ni mkia mmoja. Kwa miaka kumi nimekuwa nikizitoa sandukuni moja moja na kuzirudisha moja moja, na sikujua kwamba ni picha moja. Nilikaa pale chini mpaka goti likafa ganzi.

Usidhani nimelainika. Nimekusoma vizuri. Ulikuwa kitanda cha juu. Uliinama ukamtazama binti yangu akichora, barua baada ya barua, ukahifadhi kila kitu kichwani: krayoni, mkia, yote. Shahidi mzuri si lazima awe mwenye mali. Wezi wengi wa vitabu katika historia walikuwa marafiki wa mwandishi.

Na kuna hili. Barua ya kumi na moja, ya muhula wa pili wa kidato cha nne, mkia unafika ukingoni na haujaisha. Hauna ncha. Muhula wa mwisho Dianah hakuniandikia, nikadhani ni kwa sababu ya mitihani. Je, kuna karatasi ya kumi na mbili? Nani anayo?

La mwisho, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Jana nilikuja Gatongora. Nilisimama nje ya geti la huyo mzee Ephantus nikijifanya natafuta chumba cha kupanga. Kwenye kamba ya nguo niliona sweta ya kijani yenye kola nyeupe. Hiyo sweta niliifuma mimi. Mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, kwa sababu nilihesabu vibaya nikakataa kufumua. Duniani hakuna nyingine.

Anakuja kwako. Hata kwa nguo tu, anakuja kwako na haji kwangu.

Safu ya Jumatano ijayo, tarehe 12, nimeshaiandika. Kichwa chake ni "Mwizi wa Binti". Una siku nane kunieleza kwa nini nisiitume.

Mwelu Mutisya


Gatongora, Ruiru
8 Februari 2025

Mama Dianah,

Leo nakuita hivyo, maana leo nimepewa ruhusa. Alikuwa hapa asubuhi. Nimemsomea barua zako zote. Kwenye ile ya sweta aliondoka akaenda kusimama karibu na mfereji, akarudi, akasema: mwambie yote, isipokuwa ninapokaa.

Dianah hajui kuchora.

Sisemi kwamba hajui vizuri. Hajui kabisa. Hawezi kuchora yai likafanana na yai. Barua zako zote kumi na moja nilizichora mimi.

Wewe ulifundisha shule za kutwa, pengine ndiyo sababu hukuwahi kushuku jambo hili peke yake. Bwenini kwetu Jumapili ya kwanza ya muhula ilikuwa ya kuandika nyumbani. Barua tupu ilikuwa aibu. Kila msichana alitaka maua, mioyo, njiwa, bahasha iliyopambwa hadi kwenye stempu. Wasiojua kuchora walikuja kwetu tunaojua, na tulilipwa slesi za mkate. Mimi sikuwa naletewa chochote siku ya wazazi. Kwetu ni Lugari, mbali magharibi, hakuna aliyekuja hata mara moja. Nilikula kwa kalamu. Wasichana karibu wote walituma nyumbani picha zisizo zao, na hakuna mzazi aliyedanganywa, kwa sababu hakuna mzazi aliyeuliza. Waliona maua, wakasoma barua, wakaiweka.

Wewe uliweka kwenye fremu.

Dianah alirudi kutoka likizo ya kwanza ananiambia: mama amewaonyesha wageni, amesema kanisani kwamba Mungu amempa mchoraji. Nikamwambia amwambie ukweli. Akasema, nitamwambia muhula ujao. Ndiyo ahadi niliyoishika, kwamba sitasema kabla yake. Wengine niliwapa maua. Yeye nilimpa Binti Nanasi kwa sababu hakunilipa slesi, alinikatia nusu ya kila alichokuwa nacho hata siku ambazo sikumchorea. Mkia niliurefusha ili siku moja, akishakwambia, mzipange pamoja mcheke.

Tableti uliyomnunulia ndiyo ninayochorea. Alinipa siku aliyotoka kwako. Nilikataa mara mbili. Kama unataka kuniita mwizi, niite kwa hiyo.

Sasa mimi nina swali, na utanisamehe kwa sababu wewe ni mtu wa vitabu. Umewahi kuzisoma? Sisemi picha. Barua. Kidato cha pili, muhula wa pili, aliandika kurasa mbili kuhusu ng'ombe wa shule aliyekwama kuzaa, jinsi alivyoingiza mkono hadi kiwikoni na ndama akatoka hai. Alikungojea wiki tatu umjibu. Jibu lako nalikumbuka kwa sababu alinisomea kwa sauti: "Mjusi amependeza sana. Muhula ujao ongeza rangi."

Karatasi ya kumi na mbili hii hapa. Aliiandika nikiwa nimeshachora. Siku aliyotaka kuituma ikafika bahasha yako yenye fomu ya chuo cha sanaa, umeijaza kila kitu isipokuwa sahihi yake. Akaniambia niitupe. Sijui kutupa picha yangu. Leo amesema nikupe.

Selpha


Bwenini
2 Septemba 2018

Mama mpendwa,

Natumaini u mzima na mgongo umepoa. Hapa tuko salama, mitihani inakaribia na kila mtu amenyong'onyea isipokuwa Malkia, yule ng'ombe niliyekuandikia habari zake. Ana mimba tena. Mwalimu wa kilimo ananiachia funguo za zizi.

Mama, msichana unayemwona pembeni ya karatasi hii amechorwa na Selpha, rafiki yangu wa kitanda cha juu. Na wale wengine wote ni yeye. Mimi nilitaka tu barua yangu ya kwanza ipendeze. Halafu ukaipenda sana kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na sikujua jinsi ya kukunyang'anya.

Ninachotaka ni kusomea wanyama. Najua si jambo la kutundika ukutani.

Usikasirike na Selpha. Nikasirikie mimi.

Mwanao,
Dianah

(Mkia unaishia hapa. Angalia chini.)


Makongeni, Thika
13 Februari 2025

Selpha,

Safu ya "Mwizi wa Binti" haikutoka jana. Mhariri alikasirika, akabaki na nafasi tupu, nikaijaza kwa maneno mia nane juu ya mitaro ya barabara. Yalikuwa mabaya. Hakuna aliyeyaona.

Kwanza yanayokuhusu. Nimemwandikia mchapishaji barua ya kurasa tatu, nikaambatisha picha za karatasi zote kumi na mbili zikiwa zimepangwa sakafuni, na picha ya ile njano chini ya zambarau iliyokuzwa. Nimeandika kwamba Mwelu Mutisya alikosea, kwamba Binti Nanasi ni wa Selpha Nanjala tangu 2015, na kwamba kama wana shaka waje Makongeni waniambie usoni. Nimezoea kutoa ushahidi dhidi ya watu, na sikujua kwamba kuutoa dhidi yangu mwenyewe ni kazi nyepesi kiasi hicho. Nakala ninayo. Fundi Urbanus nimempigia pia. Amekubali msamaha, na ameniuliza kama dari bado inavuja.

Tableti kaa nayo. Nilimnunulia mchoraji, na mchoraji anayo.

Sasa swali lako. Nilikasirika nalo siku mbili. Nilitembea nyumbani nikikujibu kwa sauti: mimi, ambaye nimesoma vita vya mataifa ambayo hayapo tena kwenye ramani, nisisome barua za mtoto wangu? Siku ya tatu nilizitoa, nikaifunika kila picha kwa kitambaa cha sahani, nikasoma.

Sikuwa nimezisoma. Macho yalikuwa yamepita juu yake. Ng'ombe yumo kwenye barua tisa. Kuna mbwa wa mlinzi aliyekatika sikio, kuna kuku aliyemfunga mguu kwa kijiti cha kalamu. Barua ya sita inasema, kwa maneno yake mwenyewe, "Mama, nafikiri najua ninachotaka kuwa." Juu yake pembeni kuna maandishi yangu kwa wino mwekundu: "Kichwa cha mjusi: kizuri."

Nimeishi nikiwatuhumu watu kwamba hawasomi.

Nimekufungia bahasha nyingine, ya Dianah. Sikuulizi anapokaa. Mpe akija kufua.

Mwelu Mutisya

Nilitazama chini kama alivyosema. Mjusi ana ncha ya mkia, na juu ya ncha amekaa ndama mdogo. Niliondoa kitambaa baada ya kumaliza maneno, si kabla.


Kahawa Sukari
2 Machi 2025

Mama,

Umeona juu hapo nimeandika ninapokaa. Selpha alisema nisikimbilie, nikamwambia nimekimbia vya kutosha.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ilikuwa fupi na haikuwa na neno hata moja la kunishauri, kwa hiyo mwanzoni nilishuku kwamba si wewe uliyeandika. Nimerithi tabia hiyo kwako.

Nafanya kazi kwa daktari wa mifugo. Hapa mtaani ni mbwa na paka zaidi, lakini mara mbili kwa wiki tunakwenda kwa wafugaji upande wa Juja, na huko napata ng'ombe wangu. Daktari ni mama mmoja mkali, anaitwa Maxine, hupiga kelele hadi mbwa wanakaa chini wenyewe. Nilipomwona mara ya kwanza nilimkumbuka mtu. Amenisaidia kuomba nafasi ya diploma ya afya ya wanyama, Septemba. Sikusema mapema kwa sababu niliogopa ungejaza fomu.

Kwa miaka yote hii nimekuwa karibu kuliko ulivyofikiri. Mara mbili nimekuja hadi soko la Makongeni, nikakuona ukibishana na mwenye viazi, nikarudi.

Kitabu cha Selpha kimerudi kwenye ratiba. Kitatoka Juni. Anakuogopa bado, lakini amemchora mhusika wa kumi, mwanamke mwenye miwani anayebeba sanduku la bati na kufungua kila mlango kwa kalamu nyekundu. Anauliza kama unaruhusu. Mimi nimemwambia usiulizwe, uletewe tu.

Barua tupu ni aibu, kwa hiyo pembeni nimechora. Selpha alikuwa amekaa hapa hapa na nimemkataza kugusa. Ni Malkia. Usimwonyeshe mtu.

Dianah


Makongeni, Thika
6 Machi 2025

Dianah, mwanangu,

Nimesoma maneno kwanza. Mara mbili. Ndipo nikatazama pembeni.

Septemba ni mbali na sitajaza chochote. Ukitaka kalamu utaniomba. Huyo daktari wako nitamsalimia siku moja, polepole, wala sitamuuliza anamaanisha nini kukufokea. Mwambie Selpha kwamba yule mwanamke wa sanduku namruhusu, ila miwani yangu ni ya duara na asinipunguze unene, kwa sababu huo nao ni uwongo. Na ile sweta iletwe nifumue mkono.

Kuhusu picha. Hukutaka nimwonyeshe mtu, nami nimemwonyesha Mbinya wa mlango wa pili, bila kumwambia ni nini. Aliigeuza juu chini, akaigeuza tena, akasema ni meza ambayo imevunjika mguu na mtu ameisahau nje kwenye mvua. Nilimwambia kwamba ni ng'ombe. Akasema pole.

Unanijua. Nilipoifungua bahasha, jambo la kwanza nililojiuliza, hata kabla sijavaa miwani, ni kama nadanganywa tena. Nani amechora hii, nikasema. Nikaipeleka dirishani. Nikahesabu miguu, nikapata mitano, na mmojawapo nadhani ni mkia. Nikatafuta pembe, nikazikuta zimeota shingoni.

Nikaondoa picha ya zamani kwenye ile fremu ya sebuleni, nikaituma Ruiru kwa mwenyewe. Hii yako ndiyo iliyo ukutani sasa, maneno yakiwa upande wa mbele. Hakuna msichana wa bweni lolote la nchi hii ambaye angepewa mkate achore vibaya namna hii. Nimeamini ni wewe.

Mama yako,
Mwelu